Kifungu cha Muuza Tofu

Mtu wa kodi hapendwi popote duniani, na Nakagaki Shuhei alilijua hilo tangu ujana. Kabla ya ubunge alikuwa karani wa ofisi ya kodi hapo Tsurusawa, mji aliozaliwa, akipita duka hadi duka na mkoba wake mweusi, na wenye maduka wakimwona tu kwa mbali walikumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa nyumbani. Duka moja ndilo ambalo halikumfungia mlango. Lilikuwa la Ukai Genji, mtengeneza tofu, vile vipande laini vya soya iliyogandishwa, ambaye walikua pamoja wakiibiana viatu vya theluji shuleni.

Genji alirithi duka na mikono kwa baba yake. Mikono ya watengeneza tofu huiva kwa maji baridi hadi kuwa myekundu mwaka mzima, na yake ilikuwa hivyo. Asubuhi alisaga maharage ya soya, mchana alisukuma mkokoteni mtaa kwa mtaa akipuliza tarumbeta yake ndogo, na akina mama wakatoka na mabakuli. Tofu ya Genji haikuvunjika kwenye supu. Wakwe wa Tsurusawa waliwapima wake wa watoto wao kwa mambo mengi, na mojawapo lilikuwa kama wanajua kusubiri tarumbeta ya Genji badala ya kukimbilia ya supamaketi.

Wazo la ubunge lilitoka kwake, tena kwa mzaha.

"We Shu, unatusumbua na kodi ambazo hata huzijui kazitunga nani. Si uende ukazitunge mwenyewe?"

"Mimi? Baba yangu alikuwa mpeleka barua. Sina hela, sina jina."

"Mimi nina tarumbeta," Genji akasema.

Na kweli tarumbeta ilitosha. Genji akawa mwenyekiti wa wafuasi, na kila bakuli la tofu likaondoka na neno. "Mama, mpe kura rafiki yangu. Kuongea hajui, ila kuhesabu anajua, na hajawahi kunidhulumu." Shuhei hakuwa na sura ya kubandika ukutani, wala sauti ya kushika umati. Alishinda kwa sababu akina mama walimwamini muuza tofu.

Huko Tokyo wenzake waligombea kamati za barabara na madaraja, mambo ambayo mtu anaweza kukata utepe mbele yake. Shuhei akaomba kamati ya kodi ya chama. Wazee wa kamati walimcheka, wakamwekea kiti karibu na mlango penye upepo. Akakaa. Alisoma usiku na mchana, akajua kodi ya pombe, ya urithi, ya ardhi, na baada ya miaka michache wazee walipokwama kwenye hoja waligeuza shingo kuelekea mlangoni. Yeye alikuwa na jambo moja moyoni, nalo halikuwa baya. Aliona nchi inazeeka, watoto wanapungua, na siku inakuja ambapo vijana wachache watalazimika kuwabeba wazee wengi. Aliamini kila mtu achangie kidogo anaponunua kitu. Mimi sisemi alikosea. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuwa sahihi kwa nchi nzima na akamkosea mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa wake.

Kodi ya matumizi ilipitishwa mwaka ule mfalme mzee alipokuwa mahututi, sherehe zikafutwa nchi nzima, watu wakitembea kimyakimya. Asilimia tatu juu ya kila kinachonunuliwa. Ubaya ni kwamba kwenye uchaguzi uliotangulia chama kilikuwa kimeapa kodi ya namna hiyo haitakuja, na Genji alikuwa amepanda juu ya kreti ya bia mbele ya kituo cha treni akaapa kwa niaba ya rafiki yake. Shuhei alilijua hilo, likamtesa. Akapigana ndani ya kamati, yeye na wenzake wachache, hadi kikaingizwa kifungu: maduka madogo, ambayo mauzo yake hayafiki kiwango fulani, yasipeleke kodi hiyo serikalini. Alipokiandika hakuwa na maduka yote akilini. Alikuwa na duka moja lenye mvuke na beseni la maji baridi.

Alipanda treni kwenda kumweleza mwenyewe, kwa furaha ya mtoto aliyepata zawadi ya kumpa mama yake.

"Nimeapa mbele ya watu, Shu," Genji alisema, akiendelea kukata tofu ndani ya maji.

"Najua. Nisamehe. Lakini wewe haitakugusa. Nimekuwekea kifungu. Hutaandika daftari, hutapeleka hata yeni moja."

"Kifungu changu mimi?"

"Chako na cha wadogo wote."

Genji alifikiri kidogo, kisha akacheka kicheko chake cha puani. "Haya, bwana. Nimeingia kwenye sheria mzima mzima na mabuti yangu." Akamfungia tofu mbili kama kawaida, na mkewe Masue akamsindikiza hadi nje akimwambia, "Shemeji, kula huko Tokyo, umebaki mifupa." Shuhei alirudi na moyo mweupe. Ilikuwa mara ya mwisho wao watatu kucheka pamoja, na hakuna aliyejua.

Kodi ilianza majira ya maua. Kabla kiangazi hakijaisha, Genji alijiuzulu uenyekiti. Hakuandika barua, alimtuma mtu tu aseme, "Mtafute mwingine." Shuhei akaja mbio. Genji alisimama nyuma ya meza ya duka, akamwinamia kama anavyowainamia wateja.

"Karibu. Tofu ngapi?"

"Gen, ni mimi."

"Naona. Laini au ngumu?"

Shuhei alisimama pale na kofia mkononi. Alidhani anajua kosa lake: ni kile kiapo cha kwenye kreti, rafiki yake ameaibika mbele ya mji. Aliomba radhi, Genji akasema hakuna neno, akamfungia tofu moja na safari hii akapokea pesa. Shuhei alisema moyoni, ana haki ya kukasirika, nimwache apoe. Nayo hasira aliyoingoja ipoe haikuwapo kabisa, ila hilo alikuja kulijua baadaye sana.

Uchaguzi uliofuata akashindwa. Mkewe Tazuko alisimama mbele ya kituo cha treni kwenye theluji akiinama kwa kila mpita njia hadi kiuno kikakataa kunyooka, na watu walimpita wakitazama viatu vyao. Miaka mitatu baadaye Shuhei alirudi bungeni kwa kura chache, bila tarumbeta. Tangu hapo hakuanguka tena. Akaitwa Nakagaki wa Kodi. Alihama kutoka kiti cha mlangoni hadi kiti cha katikati, mawaziri wakampigia simu kabla ya kupiga simu wizarani kwao wenyewe. Alipunguza kodi ya wajane wanaorithi nyumba ndogo. Aliziba njia ambazo matajiri walizitumia kuficha ardhi, na matajiri hawakumsamehe. Mwenye kutaka kumsifu ana mengi ya kusifu.

Lakini kila alipopita mtaa ule, ndani ya gari na dereva na katibu, alimwona Genji akitoka na kuinama kama mtu yeyote anavyomwinamia mbunge. Kila mwaka alijiambia mwaka huu nitashuka. Nitashuka baada ya kodi. Watu wa kamati husema hivyo kila Desemba, mwezi wa kupanga kodi za mwaka unaofuata: harusi baada ya kodi, daktari wa meno baada ya kodi. Baada ya kodi huja bajeti, baada ya bajeti huja ziara, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Miaka ishirini na ushee ilikwenda hivyo.

Mwishoni mwa Novemba, Tazuko akampigia simu kutoka Tsurusawa.

"Genji amelazwa. Ni tumbo, na si la kupona. Njoo, Baba."

"Nitakuja. Nikimaliza tu kodi."

"Kodi haiishi. Genji ndiye anayekwisha."

"Wiki mbili tu, mama. Nikitoka sasa hivi watakiharibu kifungu cha kupunguza kodi ya chakula, na hicho nimekipigania mwaka mzima."

Tazuko akakata simu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na yake alikuwa ameyamaliza.

Genji hakungoja wiki mbili. Habari ilifika kamati ikiwa imekaa, wazee wamevua makoti, makaratasi yamejaa meza. Katibu wake, Hamura, alimnong'oneza sikioni ujumbe wa Tazuko: mazishi ni keshokutwa saa nne asubuhi, hekaluni. Shuhei aliinuka. Hakuwahi kutoka kwenye kikao cha Desemba tangu aingie kamati ile, wenzake wakadhani anakwenda msalani.

Alipanga safari yake vizuri, kama apangavyo kila kitu. Treni ya asubuhi, afike kabla ya sala, akae hadi mwisho, kisha wakifungua jeneza ili wapendwa waweke maua, amwone Genji uso kwa uso. Alikuwa na maneno. Alikuwa amekuwa nayo miaka yote, na njiani aliyarudia midomo ikicheza, hadi mama aliyekaa naye akahamia kiti kingine. Atamwambia, Gen, nisamehe kile kiapo. Hata maiti huambiwa, na uso uliolala unaweza kusamehe kuliko uso unaokuuliza tofu ngapi.

Akafika. Akavua viatu, akaingia, akatazama mbele, na palipostahili kuwa na jeneza palikuwa na sanduku dogo lililofungwa kitambaa cheupe.

Tokyo husali kwanza, ndipo huchoma maiti. Tsurusawa huchoma kwanza, ndipo husali. Ilikuwa hivyo tangu babu wa babu zao. Shuhei alizaliwa hapo, aliwaona wazazi wake wote wawili wakiwa sanduku jeupe. Lakini mazishi ya jimboni kwake sasa alikwenda kwa haraka, anafukiza ubani, anainama, anaondoka, na mengine yote walikwenda makatibu. Aliyokaa hadi mwisho yalikuwa ya wakubwa wa Tokyo. Mila ya kwao ikamtoka bila yeye kuhisi. Mwacha asili ni mtumwa, na mtumwa huyu alikuwa amefika na uso wa rafiki yake umeshakuwa majivu tangu jana. Mtu akamshika mkono, akamweka kwenye kiti cha mbele, kwa sababu ni mbunge.

Mtawa alisali. Kisha mwendesha shughuli, kijana wa kampuni ya mazishi mwenye sauti ya redio, akaanza kusoma telegramu za rambirambi, kwa kufuata vyeo. Ya kwanza ikawa ya Mheshimiwa Nakagaki Shuhei.

"Nimepokea kwa mshtuko mkubwa habari za kifo cha marehemu. Ingawa sikupata bahati ya kumfahamu kwa karibu, naungana na familia katika majonzi."

Ofisini kwake jimboni, kila asubuhi, msichana mmoja husoma tangazo la vifo katika gazeti la mkoa na kuitumia familia ya kila marehemu telegramu ile ile. Hakuna aliyemwambia msichana yule Genji ni nani. Vijana wa ofisi hiyo hawakuwahi kulisikia jina lake, na nani angewatajia? Shuhei alikaa kiti cha mbele, watu wote nyuma yake, akisikia maneno yake mwenyewe yakimtaja rafiki yake wa utotoni kama mtu asiyemfahamu kwa karibu. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Baada ya ubani alimfuata Masue kwenye ujia wa nyuma, ambako alikuwa anapanga vikombe. Alikuwa amezeeka, mdogo ndani ya vazi jeusi la kimono.

"Shemeji, ile telegramu..."

"Asante kwa kuja, mheshimiwa. Njiani kulikuwa na theluji?"

"Shemeji, nisikilize. Nimekuja kumwomba radhi. Alinikasirikia miaka yote kwa ajili ya kile kiapo, na alikuwa na haki."

Masue aliweka kikombe chini. "Kiapo kipi?"

"Cha kwenye kreti."

"Ah, hicho." Alimtazama kama anayemtazama mtu aliyepotea njia mbele ya nyumba yake. "Hicho alikisahau msimu ule ule. Wewe hujui, kumbe. Kweli hujui."

Akamweleza, polepole, mikono yake ikiendelea na vikombe. Kodi ilipoanza, maharage yalipanda, mafuta ya kukaangia yakapanda, umeme ukapanda, kila muuzaji akiongeza asilimia tatu yake. Genji akapandisha tofu yeni chache. Lakini televisheni ilikuwa imewaeleza watu vizuri sana kwamba maduka madogo hayapeleki kodi. Basi akina mama wakauliza, kama hupeleki, hizi za juu ni za nani? Mmoja akasema anatuibia, wawili wakasema, mtaa mzima ukasema. Wakamwita Asilimia Tatu. Watoto waliitika tarumbeta yake kwa jina hilo.

"Kwa nini hakuwaeleza?"

"Angewaeleza nini? Kwamba kifungu kile rafiki yake ndiye aliyekitunga, akimfikiria yeye? Mwenyekiti wako mwenyewe! Alisema magazeti yakipata hilo, Shu amekwisha. Akaniambia, mama, ni bora waseme Genji anaiba kodi kuliko waseme Shu amemtungia rafiki yake sheria. Ndiyo akajiuzulu. Ndiyo akakuuzia tofu kama mgeni. Kura yake alikupa wewe kila mara, na akirudi kutoka kituo cha kura alikuwa hapiti mtaa wa mbele, asiitwe lile jina."

Shuhei alishika ukuta. Aliyejua kodi zote za nchi hakuwa amejua bei ya zawadi yake mwenyewe.

"Na mwishoni hospitali?" akauliza.

"Alikungoja," Masue alisema. "Nisikudanganye. Mlango ukilia alitazama. Sasa nenda ukale na watu, na usiseme kitu. Alilibeba muda mrefu, usije ukalimwaga."

Sanduku jeupe likahamishiwa ukumbi wa hekalu, na chakula kikaandaliwa humo: mboga za milimani, supu, na sake, pombe ya mchele iliyopashwa moto. Shuhei alikalishwa karibu na Bibi Hatsuyo, aliyekuwa akiuza vyungu jirani na Genji tangu zamani. Bibi alimmiminia sake, akahema.

"Alikuwa mtu mzuri, Asilimia Tatu. Tofu yake hakuna tena. Basi tu kwamba alikuwa na ule mkono mrefu. Nami niliacha kununua kwake, mheshimiwa, na roho iliniuma, nikawa naenda supamaketi. Lakini mtu akila kodi yako utafanyaje?"

Watu wa karibu wakatikisa kichwa kwa huzuni ya adabu, kama watu wanaomsamehe marehemu. Meza ya tatu alikaa mwandishi wa gazeti la mkoa, na mwaka uliokuja ulikuwa wa uchaguzi. Shuhei aliyaona yote mawili. Alimwona pia Masue, kule mwisho wa ukumbi, akimtikisia kichwa kidogo: usifanye.

Akasimama. Sauti yake haikuwa nzuri hata siku zake nzuri.

"Naomba mnisikilize. Genji hakumla mtu kodi. Sheria haikumtaka alipe, na bei aliipandisha kwa sababu vitu vyote alivyonunua vilipanda. Hakubakiza hata yeni moja yenu. Kifungu kile nilikiandika mimi na wenzangu, na mimi nilikiandika nikimfikiria yeye. Akalijua hilo, akajitenga nami, akakubali mumwite mwizi, ili msiniite mimi mla rushwa. Hiyo ndiyo habari. Mimi ndiye niliyestahili kuitwa jina lile."

Kalamu ya mwandishi ilisikika. Bibi Hatsuyo alikuwa amekishika kikombe bila kunywa.

"Kwa hiyo hakutuibia?"

"Hakuwaibia, bibi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Bibi alifunika uso kwa mkono wa kimono. Kisha akainuka kwa shida, magoti yakilia, akatembea hadi kwenye lile sanduku jeupe, akapiga magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso. Wawili wengine wakamfuata, halafu wanne. Waliinama mbele ya majivu wakinong'ona radhi zao, na Shuhei alibaki amesimama katikati ya ukumbi. Alikuwa amekuja kusamehewa, na alijua sasa kwamba aliyeweza kumsamehe hakuwahi kumhesabia kosa, alimngoja tu aje.

Masue alikuja na chupa ya sake, kama mwenye msiba anavyopaswa kumzungukia kila mgeni. Akapiga goti karibu na kiti cha Shuhei, naye Shuhei akakaa. Shuhei alidhani atamgombeza kwa kulimwaga. Masue akammiminia.

"Yalikuwa hayo tu?" alimuuliza kwa sauti ndogo. "Maneno hayo tu ya kumsafisha, shemeji? Mimi nilidhani ni mengi. Nilidhani ni mazito kiasi kwamba hayasemeki. Miaka yote ile nikimfulia mtu anayeitwa mwizi, kumbe yalikuwa machache hivi."

Masue alifuta tone lililomwagika mezani kwa pembe ya kitambaa chake, akainuka, akaenda kummiminia mgeni aliyefuata.